Siku Shangazi Afra Alipokatazwa Kucheka

Shangazi Afra alicheka siku ya Komunyo yake ya kwanza kwa sababu kiatu cha padri kililia kama bata kila alipopiga goti. Alicheka kwenye mazishi ya babu, pale wabeba jeneza walipolitua katikati ya njia wakaanza kubishana kama nyasi za mwaka ule zilikuwa tayari kukatwa. Alicheka pia, na hili ndilo lililomgharimu zaidi, Jumapili ile karani wa benki kutoka mji wa Kempten alipopanda hadi kwetu kumposa, akiwa na povu la bia upande mmoja tu wa masharubu. Karani alisubiri amalize. Hakumaliza. Akachukua kofia yake, akamshukuru bibi kwa keki, akateremka mlima, na hadi leo shangazi hajaolewa.

Shangazi hamcheki mtu. Kicheko humjia kama kwikwi inavyomjia mwingine, hakiulizi kama wakati wake umefika. Huanzia mabegani, kinapanda shingoni, anafumba mdomo, macho yanajaa machozi, kisha kinatoka chote kwa mpigo na yeye mwenyewe hushangaa kuliko sisi. Wanakijiji wameshamzoea. Kanisani hupewa nafasi ya mwisho karibu na mlango, na hakuna anayeona jambo hilo kuwa tusi.

Ng'ombe ndio hawakuhitaji kuzoea. Wapo kumi na wanne, wa kahawia, na anawajua kama mtu anavyovijua vidole vyake. Fini ndiye kiongozi, ana miaka kumi na mmoja na pembe moja iliyopinda mbele. Alma hukubali kukamuliwa ukimkuna nyuma ya sikio la kushoto, la kulia hataki. Zita huogopa ndoo za plastiki. Saa kumi na moja alfajiri shangazi huvaa buti na aproni, huwasha mashine ya kukamulia, na kabla mashine haijashika mdundo wake utamsikia akicheka huko zizini kwa jambo fulani alilofanya ng'ombe. Zizi na nyumba viko chini ya paa moja, kama zilivyo nyumba nyingi za huku Allgäu, milimani kusini mwa Ujerumani, kwa hiyo kicheko hupenya ukuta hadi jikoni. Bibi Kreszenz, mwenye miaka themanini na minane na kikombe cha kahawa mkononi, husema, "Ameamka," kisha anageuza ukurasa wa gazeti.

Kuna siku moja katika mwaka ambayo kicheko hicho kimekatazwa, nayo ni siku ng'ombe wanapotolewa malishoni kwa mara ya kwanza baada ya majira ya baridi.

Siku hiyo, kabla mlango wa zizi haujafunguliwa, ng'ombe kiongozi hukamuliwa kwa mkono kupitia taji la gundelrebe. Gundelrebe ni mmea wa porini, wa ukoo mmoja na mnanaa. Haupandwi na mtu. Hutambaa wenyewe chini ya wigo na kando ya mifereji, na kila mwaka hurudi palepale ulipokuwa, na majani yake ya mviringo yenye kingo za menomeno na maua madogo ya buluu inayoelekea zambarau. Ukiufikicha, mkono wako unanukia mnanaa na udongo hadi jioni. Bibi huutia kwenye supu ya Alhamisi Kuu pamoja na majani mengine manane, na huukatakata ndani ya chapati za mayai. Lakini kazi yake kubwa ni hiyo ya taji. Mkamuaji hushika taji kwa mkono wa kushoto chini ya kiwele, na kwa mkono wa kulia hukamua mara tatu kila chuchu, maziwa yapite katikati ya duara yaingie ndooni. Halafu maziwa hayo humwagwa kwenye kizingiti cha zizi, mlango unafunguliwa, na kundi linatoka. Hapo hakuna jicho la hasidi litakaloyafikia maziwa mwaka mzima.

Sharti ni moja. Tangu jani la kwanza linapochumwa hadi tone la mwisho linapomwagwa, hakuna anayesema wala kucheka, si mkamuaji tu bali kila aliyepo.

Kwa miaka thelathini kazi hiyo ilifanywa na Shangazi Notburga, dada mkubwa wa Afra, mwanamke ambaye picha zake zote, hata za utotoni, zinaonekana kama za pasipoti. Kila siku hiyo ilipofika, Afra alifungiwa jikoni. Alikizika kicheko chake ndani ya mto wa kulalia na alitoka mlango wa zizi ulipofunguliwa. Kisha mwaka mmoja, Jumatatu ya wiki yenyewe, Notburga aliteleza kwenye ngazi iliyoegemea mtufaha akavunjika kifundo cha mkono wa kushoto, ule wa taji.

Jioni hiyo tulikaa mezani, Notburga na mkono wake uliofungwa plasta ngumu ya jasi mbele yake kama mkate uliotoka tanurini.

"Basi imekwisha," bibi alisema. "Kolb amenisumbua tangu Krismasi. Nitamwambia aje Jumamosi na lori."

Kolb ni mnunuzi wa ng'ombe wa bonde la pili. Shangazi Afra aliweka kijiko chini.

"Aje kuchukua nani?"

"Wote."

"Mama, ni kifundo cha mkono tu. Kitapona."

"Kitapona Juni. Ng'ombe wanatoka Alhamisi. Mimi vidole vyangu hivi haviwezi kukamua hata mbuzi wa mbao. Huyu wa vitabu," akanielekezea kidevu mimi, "alijaribu kukamua mwaka juzi na Fini alimpiga teke akaangukia kwenye toroli la samadi."

Hilo lilikuwa kweli. Shangazi Afra aliuma midomo akitazama dari.

"Umeona?" bibi alisema. "Nimetaja samadi tu na tayari anatetemeka."

"Sitetemeki."

"Mwaka dada yangu Ottilie alipowatoa wake bila taji, kufikia Julai walikuwa wamekauka maziwa. Kufikia Septemba alikuwa amewauza mmoja mmoja kwa bei ya ngozi. Mimi sitaki kuyaona hayo katika zizi langu. Afadhali waondoke wakiwa na afya."

"Nitakamua mimi," Shangazi Afra alisema.

Notburga alimtazama. Mimi nilimtazama. Paka pia aliinua kichwa.

"Wewe mtoto," bibi alimwambia binti yake wa miaka hamsini na miwili, "huwezi kufunga mdomo hata muda wa Baba Yetu moja."

"Nitaufunga."

"Ni nusu saa, pamoja na kuchuma."

"Nitaufunga nusu saa."

Bibi alifikiri. Alikunja kitambaa chake cha kufutia mdomo mara nne. "Haya. Baada ya kumwaga, cheka hadi upasuke, ni ruhusa. Lakini kabla ya hapo kikikutoka kicheko hata kimoja, Jumamosi Kolb anawachukua, na sitaki machozi."

Shangazi aliinuka. Alitoka akaenda zizini, na kwa mara ya kwanza katika maisha yangu niliusikiliza ukuta ule wa jikoni nisisikie kitu upande wa pili.

Siku mbili zilizofuata zilikuwa za mazoezi. Notburga alijitolea kuwa mwalimu, kwa sababu aliamini kutocheka ni jambo linalofundishika kama kufuma. Alimkalisha dada yake kwenye kiti, akashika saa, akamsomea matangazo ya vifo gazetini kwa sauti yake ile ya kaburini. Afra alivumilia wafu wanne. Kisha Notburga akabadilisha, akachukua karatasi aliyopewa na daktari.

"'Mgonjwa asiingize kitu chochote kirefu ndani ya plasta kwa nia ya kujikuna,'" alisoma, na wakati huohuo alikuwa amechomeka sindano ya kufumia ndani ya plasta hadi nusu, akijikuna polepole.

Shangazi aliteleza kutoka kwenye kiti hadi sakafuni.

"Dakika mbili," Notburga alisema.

"Mbili na nusu, dada."

"Ile nusu ulikuwa unatafuna mkate."

Jumatano usiku hakula. Alisema tumbo tupu halina nguvu za kucheka. Alikwenda kulala akiwa amejifunga kitambaa kidevuni kama mtu mwenye jino bovu, na bibi akasema alikwisha kuwaona maiti waliopendeza zaidi. Kicheko kilichotoka nyuma ya kile kitambaa hakikutupa matumaini.

Alhamisi alfajiri kulikuwa na ukungu na umande mwingi. Bibi aliniteua mimi nimsindikize kubeba kikapu, kwa kuwa kunyamaza ndicho kipaji ambacho familia nzima inakubali kuwa ninacho. Tulishuka hadi kwenye wigo unaotenganisha shamba letu na la Gebhard Rist, mahali gundelrebe hujaa chini kama zulia. Shangazi alipiga magoti, akapiga ishara ya msalaba, akachuma shina la kwanza. Kuanzia hapo hatukuwa na sauti.

Alikuwa anaendelea vizuri. Uso wake ulikuwa mgumu, mashavu ameyauma kwa ndani. Kikapu kilikuwa kimefika nusu tuliposikia trekta, kisha trekta likazimwa, na kichwa cha Gebhard Rist kikachomoza juu ya wigo. Gebhard ni mjane wa miaka sitini, mtu mpole, na hakuwa na habari yoyote. Kwao waliacha mambo ya taji zamani.

"Umeamkaje, Afra?"

Shangazi aliendelea kuchuma.

"Nimesema umeamkaje."

Gebhard alivua kofia.

"Umekasirika," alisema. "Ni habari ya kigingi cha mpaka, sivyo? Nilijua siku moja utagundua. Afra, nimekisogeza hatua moja tu. Na nusu ya hatua hiyo aliisogeza marehemu baba."

Niliona bega la kushoto la shangazi likitikisika. Hakuwahi kujua habari za kigingi chochote. Alihama kidogo mbele, kando ya mfereji, akichuma kwa haraka. Gebhard alimfuata upande wake wa wigo.

"Nitakirudisha. Leo hii nitakirudisha. Au ni yale maneno kuhusu keki yako? Nilisema ni kavu, ndiyo, nilisema mbele ya watu. Lakini ulihesabu nilikula vipande vingapi? Vinne, Afra. Mtu hali vipande vinne vya keki kavu kwa chuki."

Bega la kulia nalo lilianza. Shangazi alikuwa anachuma bila kutazama, machozi yanamchuruzika, akikusanya chochote cha buluu kilichokuwa mbele yake.

"Basi umeambiwa habari ya barua ya mapenzi," Gebhard alisema, na sauti yake ikashuka. "Ile isiyo na jina, mwaka wa dansi ya wazimamoto. Ilikuwa yangu. Lakini haikuwa yako, mtoto wa posta alikosea dada. Nilikusudia ifike kwa Notburga."

Shangazi alininyang'anya kikapu akakimbia. Alikimbia kupanda mlima na buti zake, mkono mmoja umeziba mdomo, mwingine umekumbatia kikapu, na mimi nyuma yake. Tukamwacha Gebhard Rist na kofia kifuani, akiamini hajasamehewa.

Taji alilisuka akiwa amekaa kwenye jiwe nyuma ya nyumba, ameupa ukuta uso ili asinione. Macho yalikuwa bado yamejaa machozi, akasuka kwa kupapasa. Lilipokamilika tuliingia zizini.

Ng'ombe walikuwa wameshajua. Tangu jana yake walikuwa wakinusa majani kupitia ufa wa mlango, na sasa walikuwa wanahamahama miguu, wanapiga mikia, kengele zinagonga. Bibi alikaa kwenye kigoda karibu na hori, mkongojo magotini. Notburga alisimama kando yake na plasta yake. Wote wawili walimkagua Afra usoni. Alikuwa mwekundu kama nyanya lakini mdomo umefungwa. Bibi akainamisha kichwa kumruhusu.

Shangazi alikaa, akaegemeza paji la uso ubavuni mwa Fini, akaweka taji chini ya kiwele, akakamua. Moja. Mbili. Tatu. Maziwa yalipita katikati ya majani yakalia ndooni. Chuchu ya pili nayo ikaenda sawa, na nilimwona Notburga akianza kupumua.

Katikati ya chuchu ya tatu, bibi aliona kitu ndani ya taji.

Kando ya mfereji ule ambako Gebhard alikuwa anaungama, gundelrebe haikai peke yake. Kuna nduguye, wa ukoo huohuo wa mnanaa, wa buluu ileile, ila huyu hatambai. Husimama wima, maua yamepangwa ghorofa juu ya ghorofa kama mnara mdogo wa kanisa, na hana harufu. Sisi tunauita ua la radi. Ukiliacha shambani halina neno. Ukiliingiza ndani ya nyumba, radi hulifuata na paa huungua. Kila mtoto wa huku anayajua hayo kabla hajajua kuhesabu, na hakuna mtu mwenye akili zake anayelivusha kizingiti. Sasa katika taji la shangazi yalikuwepo mashina matatu, yamesimama dede juu ya duara, ndani ya zizi lenye nyasi kavu darini na paa moja na vitanda vyetu.

Bibi alifungua mdomo, akakumbuka, akaufunga.

Aliinua mkongojo akaonyesha taji. Shangazi alitupa jicho, akadhani anaambiwa alinyanyue juu kidogo, akalinyanyua. Bibi alitikisa kichwa kwa nguvu. Akachora hewani kwa mkongojo, kulia, kushoto, kulia, kuja chini, yaani radi. Kisha akaweka mikono miwili juu ya kichwa chake kama paa. Kisha akachezesha vidole vyote kumi juu ya hilo paa, yaani moto.

Mimi nilielewa, kwa kuwa na mimi nilikuwa nimeyaona mashina. Notburga hakuyaona. Alichokiona Notburga ni mama yake wa miaka themanini na minane akipunga fimbo, akishika kichwa na kutetemesha vidole, akaamua ni kiharusi. Akapiga ishara ya msalaba kwa plasta. Akanigeukia, akaweka ngumi sikioni kama simu, akaonyesha barabara, yaani daktari, upesi. Nilitikisa kichwa. Nikaonyesha taji. Akafikiri nataka tumtawaze mgonjwa, au sijui alifikiri nini, lakini alimshika bibi kwapa akajaribu kumlaza kwenye nyasi. Bibi alimpiga mkongojo mguuni. Akachora radi tena, kubwa zaidi, na safari hii alisimama, akapandisha aproni yake juu kama ndimi za moto na kupuliza mashavu.

Shangazi Afra aliyaona yote hayo kutoka chini ya tumbo la ng'ombe.

Nilimtazama na nikajua tumekwisha. Mabega yote mawili yalikuwa yanakwenda. Shingo imevimba. Machozi yanadondokea aproni. Maziwa yalikuwa yanatoka kwa mitetemo, nusu ndooni, nusu kwenye buti. Lakini mkono wake wa kulia haukuacha. Nane. Tisa. Aliuzika uso wake wote ubavuni mwa Fini, hadi kitambaa chake cha kichwa kikamwangukia mgongoni, na Fini akageuza shingo kumtazama. Kumi. Mahali fulani puani mwake ilitoka sauti nyembamba, kama mtu anayepiga chafya kwa ndani. Kumi na moja.

"Ni ua la radi, mjinga wewe," bibi alisema. "Umeniletea ua la radi ndani ya nyumba."

Kila kitu kilisimama, hata kengele nadhani. Bibi alijiziba mdomo kwa viganja viwili, lakini maneno yalikuwa yameshatoka na sote tulikuwa tumeyasikia.

Shangazi Afra alikamua mara ya kumi na mbili.

Aliinuka. Alibeba ndoo taratibu kama mtu anayebeba mayai, akapita mbele ya mama yake bila kumtazama, kwa sababu kumtazama kungemuua. Alifika mlangoni, akainamisha ndoo, akamwaga hadi tone la mwisho kwenye kizingiti. Akaikung'uta ndoo. Akavuta komeo.

Mlango ulipofunguka, Fini alisimama kidogo kwenye mwanga, akanusa, kisha mnyama huyo mwenye kilo mia sita aliruka miguu yote minne juu kama ndama wa wiki moja. Wengine walimfuata wakisukumana. Zita alipiga mateke hewani. Alma alikimbia mizunguko mitatu kisha akapiga magoti ya mbele akaisugua shingo yake ardhini, majani yakaruka. Viwele vinapepea, mikia iko juu kama fimbo, kengele zote zinapiga kwa pamoja bila mpango. Na katikati yao, ndoo ikiwa bado mkononi, Shangazi Afra alikiachilia. Kilikuwa kicheko cha siku tatu. Alicheka akikimbia, akacheka akizunguka, akacheka akiwa amejishika ubavu, hadi akaanguka chali kwenye nyasi zenye umande, akaendelea kucheka hapohapo alipolala.

Ndani ya zizi, bibi alirudi kwenye kigoda.

"Haihesabiki," alisema.

Notburga alikuwa ameokota taji. Alichomoa mashina ya maua ya radi, akayatumbukiza kwenye maji ya hori, akayabonyeza hadi yakazama.

"Matatu tu, Mama. Mengine yote ni gundelrebe."

"Na kimya kimevunjwa."

"Kimevunjwa na nani?"

Bibi aliutazama mkongojo wake.

"Mimi nilikuwa ninaokoa nyumba."

"Sijasema hukuiokoa. Nimeuliza ni nani."

"Notburga, usinihoji kama polisi. Yule naye, msikilizeni. Anasikika hadi kwa Kolb."

"Amemwaga kwanza. Baada ya kumwaga ni ruhusa, ulisema mwenyewe mezani."

Bibi alinigeukia mimi. "Wewe wa vitabu. Ulikuwa karibu naye. Kabla ya kumwaga, alicheka?"

"Hapana, bibi."

"Hata kidogo?"

Sijui kudanganya, na zaidi kwa bibi. "Puani ilitoka sauti."

"Sauti gani?"

"Kama chafya iliyorudi ndani."

Bibi alikaa akiipima chafya hiyo. Nje, Afra alinyamaza kidogo, tukadhani amemaliza, kisha akaanza upya kutoka mwanzo.

"Chafya haikatazwi," bibi alisema mwishowe, kwa sauti ya mtu aliyeshindwa kesi aliyoiendesha mwenyewe. "Mama yangu aliwahi kupiga chafya na mwaka ule maziwa yalijaa." Akasimama. "Nileteeni simu."

Simu ya bibi ina namba kubwa kama biskuti. Alibonyeza moja moja, akaiweka sikioni, akasubiri huku akipiga kizingiti kwa ncha ya mkongojo.

"Kolb? Kreszenz hapa. Jumamosi usije. Hapana, si bei. Hapana, hawaumwi, wanaruka. Hizo ni kengele. Hiyo siyo kengele, huyo ni binti yangu. Sababu? Sababu aliyefungua mdomo ni mimi, si yeye. Kama huelewi, kamuulize mama yako." Akakata.

Alitoka hadi mlangoni. Fini alikuwa amesimama juu ya shangazi na kumlamba nywele, na shangazi alikuwa hana nguvu hata ya kumsukuma.

"Kolb haji," bibi alimwambia kwa sauti kubwa. "Umenisikia? Haji. Na kesho asubuhi tunakwenda mferejini wewe na mimi, nikufundishe jani kwa jani kama mtoto wa darasa la kwanza. Sasa inuka, kengele ya Alma inalia kwa Rist."

Macho ya bibi hayafiki mbali.

"Amesikia?" aliuliza.

"Ameinua mguu," Notburga alisema.

"Mguu mmoja?"

"Sasa miwili."

Bibi aliguna, akaniambia nichukue fimbo nikamrudishe Alma, kwani yule pale hafai kwa kazi hadi mchana.